"HAKUNA MBWA" NA "MBWA KALI": LUGHA YA MAKATAZO BUSTANINI NA MALANGONI, KITALE NA BUNGOMA

Utangulizi

Makala haya yalianzia langoni, wala si maktabani. Nilipokuwa mjini Kitale nikikusanya data ya tasnifu yangu ya uzamili, nilipanga chumba kwa mwalimu mmoja mstaafu, mama aliyekuwa na mbwa mzee wa rangi ya majani makavu. Miguu ilikuwa imeanza kumsumbua mama huyo, hivyo ikawa desturi yangu kumtembeza mbwa wake kila jioni. Siku moja tulifika kwenye bustani moja ya mji ambayo sitaitaja kwa jina. Langoni palikuwa na kibao kipya cha masharti: usichume maua, usitupe taka, usicheze mpira. Kisha, kwa herufi kubwa kuliko nyingine zote: HAKUNA MBWA.

Mbwa aliketi chini ya kibao hicho akahema, ulimi nje.

"Mwalimu, huyo haingii," mlinzi aliniambia. "Soma hapo juu."

"Nimesoma, mzee wangu. Pameandikwa kwamba hakuna mbwa. Lakini mbwa ndiye huyu."

Mlinzi alimtazama mbwa, akakitazama kibao, akacheka. "Basi ukimwingiza," akasema, "utakifanya kibao cha watu kiseme uongo."

Sikuwa na jibu. Tulirudi nyumbani kwa njia ya vumbi, mimi nikiwaza kuhusu sarufi, mwenzangu akinusa kila mti. Tangu siku hiyo nilianza kunakili kila andiko la umma linalomtaja mbwa, kuanzia Kitale hadi kwetu Bungoma. Lengo la makala haya ni kuonyesha kwamba masharti yanayohusu mbwa, jinsi tunavyoyaandika kwa Kiswahili, humtaja mnyama na kumficha binadamu anayepaswa kuwajibika. Aidha, yanadai kwamba kosa hilo si la kiisimu tu. Lina majeraha yake.

Kauli ya "hakuna"

Hebu tuanze na kibao cha bustani. Neno "hakuna" ni kikanushi cha kuwapo kwa kitu mahali. Tukisema "hakuna maji", hatumkatazi mtu maji, bali tunamwarifu kwamba hayapo. Hata hivyo, Kiswahili cha Kenya kimezoea muundo mwingine: "hakuna kupita", "hakuna kuvuta sigara", "hakuna kukopesha". Hapa "hakuna" hufuatwa na kitenzijina, na maana yake huwa katazo. Wapo walimu wanaoukosoa muundo huu. Binafsi sioni haja ya kuupiga vita, kwa sababu kitenzijina kinataja tendo, na tendo lina mtendaji. Msomaji wa "hakuna kupita" anajua fika kwamba anayekatazwa kupita ni yeye.

Tatizo huzuka nomino tupu inapokalia nafasi ya kitenzijina. "Hakuna mbwa" ni tafsiri sisisi ya katazo la Kiingereza lenye maneno mawili, na katika safari ya kutafsiriwa katazo limegeuka kuwa taarifa. Bila shaka kila mtu aliye langoni anaelewa kinachokusudiwa. Wataalamu wa pragmatiki, tangu J. L. Austin na kitabu chake cha mwaka 1962 kuhusu matendo ya usemi, wametufundisha kwamba kauli yenye umbo la taarifa inaweza kuamrisha. Mama akisema "mlango uko wazi", mtoto huinuka akaufunga. Lakini mtoto huyo anamjua mama, na anajua kwamba mwenye kutumwa ni yeye. Kibao hakina uso. Kikisema "hakuna mbwa", nani ametumwa? Mbwa hasomi. Mwenye mbwa hakutajwa. Aliyebaki ni mlinzi, na ndiye hulazimika kulibeba katazo zima kwa kinywa chake, siku nzima, kwa mshahara mdogo.

Nilipotafuta miundo mingine niliikuta minne hivi katika miji hii miwili. "Mbwa haruhusiwi" ina kitenzi katika kauli ya kutendwa. Anayeruhusu hatajwi, na anayenyimwa ruhusa ni mnyama. "Ni marufuku kwa mbwa" humfanya mbwa kuwa raia mwenye kutii sheria. "Usiingize mbwa" ndiyo iliyo karibu zaidi na Kiswahili cha nyumbani: ina nafsi ya pili, ina kitenzi cha kusababisha, ina mtenda na mtendwa. Niliiona mara moja tu, imeandikwa kwa chaki kwenye mlango wa duka la nafaka, na naamini aliyeiandika hakuwa akitafsiri chochote.

Kutembeza, na kutembea na

Kabla ya kuendelea, yafaa tukitazame kitenzi chenyewe. Nilipowaeleza jamaa zangu wa Bungoma kwamba jioni huko Kitale "namtembeza mbwa", walicheka hadi machozi yakawatoka. Shangazi aliuliza kama mbwa huyo alikuwa mgeni. Swali lake lilikuwa la kisemantiki kuliko alivyodhani. "Tembeza" ni kitenzi cha kusababisha kutokana na "tembea", na hutumika kwa vitu na watu wasiojiendea: mgeni hutembezwa mjini, bidhaa hutembezwa sokoni, bakuli hutembezwa kwa ajili ya sadaka. Mbwa wa kijijini hatembezwi. Hufunguliwa usiku, akaenda atakako, akarudi alfajiri. Nilipojaribu kujirekebisha na kusema kwamba "natembea na" mbwa, mambo yaliharibika zaidi, kwa sababu ambazo msomaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa.

Kwa hiyo tunapoandika masharti ya bustani tunadhania desturi ambayo wengi wa wasomaji wetu hawana: kwamba mbwa hutoka nyumbani akiwa na mtu, na kwamba kati yao kuna kamba. Nyumba za zamani za Kitale, mji uliokua katikati ya mashamba ya walowezi na kufikiwa na reli mwaka 1926, ziliijua desturi hiyo. Viunga vya Bungoma haviijui sana.

Kwa nini masharti yawe makali

Isidhaniwe kwamba natetea bustani huria ya mbwa. Kichaa cha mbwa ni ugonjwa ambao dalili zake zikishaanza kwa binadamu, karibu kila mara huishia kifo. Makadirio yanayotumiwa na Shirika la Afya Duniani ni vifo 59,000 kila mwaka duniani, na takriban asilimia 99 ya maambukizi kwa binadamu hutokana na mbwa. Kenya ilizindua mkakati wake wa kuutokomeza ugonjwa huu mwaka 2014, ikilenga mwaka 2030, na nguzo yake kuu ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa. Kinyesi cha mbwa nacho hubeba mayai ya minyoo yanayoweza kuishi udongoni kwa miezi mingi, mahali pale pale watoto wanapoketi na kujilisha mchanga.

Isitoshe, zipo bustani ambazo mbwa hawezi kabisa kuingizwa, na sababu zake ni nzito. Kilomita chache kutoka Kitale iko Hifadhi ya Taifa ya Saiwa, iliyoanzishwa mwaka 1974 kwa ajili ya kumhifadhi nzohe, swala wa majini mwenye kwato ndefu zilizotanuka. Ndiyo hifadhi ya taifa iliyo ndogo kuliko zote nchini, eneo lake likiwa kilomita tatu mraba hivi, na mgeni huizunguka kwa miguu akipita juu ya madaraja ya mbao. Mtu angefikiri hapa ndipo mahali pa kumtembeza mbwa. La hasha. Nzohe hujificha kwenye matete, na harufu ya mbwa peke yake ingemtimua. Kuna pia suala la maradhi. Mwaka 1994 ugonjwa wa distempa, unaofahamika kwa mbwa wa nyumbani, uliwaua takriban thuluthi moja ya simba wa Serengeti nchini Tanzania. Katazo la Saiwa, basi, halina haja ya kuombewa radhi.

Kwa upande mwingine, katika msitu wa Karura jijini Nairobi mbwa huingia, mradi amefungwa kamba. Ukali wa sharti haupimwi kwa kukataza tu. Sharti la Karura ni kali vilevile, ila limemwelekea mtu: ni mkono wake unaotakiwa kuishika kamba.

Mbwa na ngeli yake

Tutoke bustanini sasa, tuelekee malangoni mwa nyumba, kwa sababu huko ndiko mbwa ameandikwa zaidi. Panda matatu Kitale, upite Kiminini, Kamukuywa, Misikhu na Webuye hadi Bungoma, ukiwa umeketi upande wa dirisha. Utayaona malango yaliyoandikwa MBWA KALI. Mara chache sana utaona MBWA MKALI. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza atasema ni kosa, na kwa mizani ya Kiswahili sanifu atakuwa amesema kweli. Nomino za viumbe hai, hata zikiwa na umbo la ngeli ya I-ZI, huchukua upatanisho wa A-WA: mbwa mkali amefungwa, mbwa wakali wamefungwa. Methali ya wahenga inathibitisha: mbwa wa msasi mkali ni mkali pia. Nitairudia methali hiyo hapa chini, maana ina jambo lingine zaidi ya sarufi.

Lakini kosa hili limetoka wapi, na kwa nini linakataa kufa? Jibu la kwanza ni la kihistoria. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulichagua Kiunguja kuwa msingi wa usanifishaji, na Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki ikaundwa mwaka 1930. Wakati huohuo, katika mashamba ya bara, walowezi walikuwa na Kiswahili chao. Kitabu cha F. H. Le Breton kiitwacho Up-Country Swahili, kilichotoka mwaka 1936, kiliwafundisha lugha iliyopunguziwa upatanisho, lugha ya kuamrisha. Kwa maoni yangu, kibao cha MBWA KALI ni mtoto wa mazingira hayo. Kiliandikwa kwa Kiswahili kwa sababu aliyetarajiwa kuogopa alikuwa Mwafrika. Mgeni wa kizungu alikaribishwa chai.

Jibu la pili halitajwi sana, nami nalipenda zaidi. Katika Lubukusu, lugha inayozungumzwa na wengi Bungoma na Trans Nzoia, mbwa ni "embwa", na wingi wake ni "chimbwa". Mnyama huyu huendelea kutumia upatanisho wa ngeli yake mwenyewe. Hapandishwi kwenye ngeli ya watu jinsi Kiswahili kinavyofanya. Kwa hiyo Mbukusu anayesema "mbwa kali" hamwigi mlowezi. Anafuata mantiki ya Kibantu aliyonyonya kwa mama. Athari za pande mbili zimekutana langoni na kuafikiana dhidi ya Kiswahili sanifu. Ndiyo maana kosa hili ni sugu.

Kuna na faida ya kibiashara, tukipenda kuiita hivyo. "Mkali" ni mmoja na "wakali" ni wengi, lakini "kali" katika ngeli ya I-ZI haibadiliki. Mwizi asomaye MBWA KALI hajui kama anangojewa na mbwa mmoja au watano. Na iwapo mwenye nyumba atabanwa na mwalimu wa sarufi, anaweza kujitetea kwamba alikusudia jibwa, maana "jibwa kali" ni sanifu kabisa.

Ilani isiyotosha

Hadi hapa msomaji anaweza kudhani nacheza na viambishi. Niruhusiwe basi kusimulia kisa kilichotokea kwetu, katika kijiji kimoja cha Bungoma.

Binamu yangu, mtoto wa miaka tisa, aliumwa mguuni na mbwa wa jirani alipokuwa akitoka dukani. Hakuwa ameingia bomani kwa mtu. Alikuwa njiani, njia ya watu wote. Mwalimu wake, aliyekuwa akipita, alimwosha jeraha kwa sabuni na maji ya kumiminika kwa dakika 15 kamili, akiitazama saa, jambo ambalo wataalamu hulisisitiza kabla ya lingine lolote. Kisha akampeleka kudungwa sindano za kinga. Sindano hizo hazidungwi mara moja zikaisha. Ni safari kadhaa, na kila safari ina nauli. Mtoto alipona.

Ugomvi ulizuka kuhusu gharama. Wazee waliketi chini ya mwembe, na jirani akajitetea kwa sentensi moja aliyoirudia mara nyingi: "Wazee wangu, si niliandika langoni? Mbwa kali. Kila mtu anasoma."

Nilikuwepo. Nilikuwa na hamu ya kusimama nimwambie kwamba aliandika vibaya, ila namshukuru Mungu nilinyamaza, kwa sababu mzee mmoja aliuliza swali bora kuliko langu. "Mbwa kali tumesoma," alisema. "Mwenye mbwa umemwandika wapi?"

Hapo ndipo nilipoelewa kilichonisumbua tangu Kitale. Mwanafunzi wa isimujamii hufundishwa kutofautisha ilani, onyo na tahadhari. Mbwa kali ni tahadhari: inamtaka msomaji ajilinde. Wajibu wote umehamishiwa kwa mpita njia. Jirani yetu aliamini kwa dhati kwamba kwa kuandika maneno mawili alikuwa amemaliza kazi, na kwamba kuanzia siku hiyo meno ya mbwa yalikuwa shauri la wengine. Ni kama mtu achimbaye shimo njiani, akaandika "shimo refu", akaenda zake. Methali niliyoitaja haina udhaifu huo. Ukali wa mbwa umetajwa pamoja na mwenyewe: mbwa wa msasi mkali. Wahenga hawakumtazama mbwa bila kumtazama aliyemfuga.

Jirani alilipa nusu. Nusu nyingine shangazi aliitoa kwa kuuza kuku. Mimi naona hukumu hiyo ilikuwa nyepesi mno, ingawa wazee walikuwa na sababu zao za ujirani.

Mbwa katika Katiba

Pengine baadhi ya wasomaji hawajagundua kwamba mbwa ametajwa kwa jina lake katika Katiba ya Kenya ya mwaka 2010. Jedwali la Nne, katika orodha ya majukumu ya kaunti, linataja udhibiti na ustawi wa wanyama, ikiwemo utoaji wa leseni za mbwa. Katika jedwali hilohilo, kaunti zimepewa bustani za kaunti na sehemu za burudani. Kwa hiyo aandikaye sharti la bustani na anayepaswa kumjua mwenye mbwa ni serikali ileile moja, iwe Trans Nzoia au Bungoma. Tunayo pia Sheria ya Kichaa cha Mbwa, Sura ya 365, iliyorithiwa kutoka enzi ya ukoloni, inayowapa maafisa mamlaka juu ya mbwa wanaorandaranda, hata ya kuwaua.

Leseni, ukiitazama kwa jicho la mwanafunzi wa lugha, ni sentensi. Inasema: mbwa huyu ni wa fulani. Ni kivumishi kimilikishi chenye muhuri. Penye leseni, swali la yule mzee wa Bungoma lina jibu kabla halijaulizwa. Na Ibara ya 7 ya Katiba iyo hiyo imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi, sambamba na Kiingereza. Sharti la bustani lisiloeleweka kwa Kiswahili, au lililotafsiriwa neno kwa neno na mchoraji wa vibao aliyelipwa kwa herufi, ni sharti ambalo kaunti haijaliandika bado. Hapa nawalaumu wasomi wa Kiswahili, nikiwemo mimi, kuliko mchoraji. Yeye hakuwahi kutuona tukienda kwake na rasimu.

Rasimu

Kabla sijaondoka Kitale niliandika rasimu moja. Ikiwa bustani inakataza mbwa kabisa, kama Saiwa, maneno matatu yanatosha: Usiingie na mbwa. Ikiwa inaruhusu kwa masharti, nilipendekeza hivi:

Mwenye mbwa amfunge kamba na kuishika muda wote.
Awe na cheti cha chanjo ya mbwa wake.
Azoe kinyesi cha mbwa wake.
Mbwa asiye na mtu wa kumshika ataondolewa.

Msomaji atatambua kwamba katika mistari mitatu ya kwanza kiima ni mtu, na vitenzi viko katika hali ya kutaka, kauli ya kutenda. Kauli ya kutendwa nimeiacha mstari wa mwisho tu, pale ambapo mtu hayupo kwa kweli. Wapo watakaosema "cheti cha chanjo" kitawafungia nje maskini. Pingamizi hilo nalikubali kwa kiasi. Kampeni za chanjo za bure zinapofanyika, hasa karibu na Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani tarehe 28 Septemba, cheti kinaweza kupatikana bila fedha. Lakini kampeni hazifiki kila kata, na mstari huo usianze kutumika mahali ambapo hazijafika.

Nilimpelekea mlinzi rasimu hiyo jioni moja, mbwa akiwa kando yangu kama kawaida. Aliisoma polepole, akarudia.

"Hii ni nzuri, mwalimu," alisema. "Ila ile ya zamani ilikuwa inamfukuza mbwa. Hii inanituma nikazungumze na mwenyewe."

"Ndivyo, mzee wangu."

"Na wengine ni watu wakubwa."

Sikuwa nimeliwazia hilo. Alinirudishia karatasi, kisha akaonyesha mstari wa tatu kwa kidole. "Halafu hapa, kinyesi. Akishakizoa akitupe wapi? Hapa ndani hatuna hata pipa moja."

Niliongeza mstari wa tano kwa kalamu, wa kuwaelekea wenye bustani: Kaunti iweke mapipa.